Aliyeandikwa Mtoro

Mtaa mzima ulimwita Bi Vikopo, na jina lenyewe halikuwa la sifa. Lilitokana na vile vikopo vya plastiki vya kutemea makohozi ya kupimwa, alivyovibeba kwenye mkoba wa turubai uliochakaa mshikio. Akipita, watoto waliacha mchezo wakajifunika midomo kwa viganja, na akina mama waliokuwa wakianika nguo ghafla walikumbuka kitu ndani. Hakuna aliyependa Bi Vikopo aonekane amesimama mlangoni kwake. Akisimama kwako asubuhi, ikifika mchana majirani wameshakuzika.

Mwenyewe alikuwa ameshazoea. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na sita, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, mwendo wake wa haraka kama wa mtu aliyeacha sufuria motoni. Kazi yake pale zahanati ilikuwa moja tu: kuwatafuta wagonjwa wa kifua kikuu waliokatiza dawa na kuwarudisha. Kwenye rejista watu hao waliitwa watoro. Liliandikwa jina la mgonjwa, tarehe aliyotakiwa kuja, na mbele yake neno hilo kwa wino mwekundu. Kila Jumatatu alikabidhiwa orodha, na kufika Ijumaa alitakiwa awe ameikanyaga kila nyumba.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Ungemuuliza kwa nini, angekujibu kwa mkato, "Kwa sababu njia naijua." Hakuwa na maana ya njia za mtaani.

Zamani alikuwa mshonaji katika kiwanda cha magunia. Ukumbi ulikuwa mrefu, mashine sitini zimepangwa kwa safu, madirisha yamepigiliwa misumari ili upepo usipeperushe nyuzi. Vumbi lilitanda humo kama ukungu, na kukohoa lilikuwa jambo la kawaida kama kupiga miayo. Kwa hiyo alipoanza kukohoa yeye, hakuna aliyegeuza shingo. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Usiku alilowa jasho hadi godoro likanuka, na sketi yake ikawa inazunguka kiunoni mpaka akaibana kwa pini. Siku moja alikohoa akafuta mdomo kwa kipande cha gunia, na msimamizi aliyekuwa akipita akaiona ile damu kabla hajaikunja.

"Nenda kapumzike mpaka upone," msimamizi alimwambia, huku akirudi nyuma hatua mbili. Alipopona na kurudi, mashine yake ilikuwa na mtu mwingine kwa muda wa mwaka mzima.

Wakati ule mume alikuwa ameshakwenda zake. Yeye na binti yake wa miaka miwili waliishi kwa dada yake mkubwa. Dada alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana jambo lenyewe lilimuuma zaidi. Hakumfukuza. Alimpa chumba cha nyuma, akamtengea sahani na kikombe alivyovifunga uzi mwekundu ili visichanganyike na vya wengine, akamchukua mtoto. "Huyu nitamshika mimi mpaka upate nafuu," alisema. "Usije ukamwambukiza."

Alianza dawa. Baada ya wiki sita kikohozi kilikata, mwili ukarudi kidogo, naye akaona ya nini kujisumbua. Akaacha. Miezi mitatu baadaye alikuwa kitandani tena, hali mbaya kuliko ya kwanza. Hapo ndipo alipokuja yule muuguzi wa zahanati ambaye kila mtu alimwita Sista, mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba, aliyetembea kwa miguu kutoka zahanati mpaka nyumba ya dada. Aliingia chumba cha nyuma, akafungua dirisha, akaketi kitandani bila kuuliza.

"Sikuja kukugombeza," Sista alisema. "Nimekuja kukuona ukimeza."

Alikuja siku ile, akaja kesho yake, akaja miezi minane. Kama si Sista, Bi Vikopo asingekuwa hai, na hilo hakulisahau hata siku moja.

Alipotoka katika kile chumba cha nyuma amepona, bintiye alikuwa amekaribia miaka minne, na alikuwa akimwita dada "Mama". Yeye alimwita "Mama Mdogo". Wakasema atazoea. Akijaribu kumrekebisha, dada alimwambia kwa upole, "Usimchanganye mtoto." Basi akaacha. Mtoto akakua hivyo hivyo, akaanza shule, akavunja ungo, na mpaka leo akija kumtembelea mama yake mzazi hubisha hodi kama mgeni, huketi ukingoni mwa kiti na huaga mapema. Bi Vikopo hakuwahi kulia mbele yake. Alipofika kwa wagonjwa waliosema wataacha dawa kwa sababu wamepata nafuu, aliwaambia, "Mimi niliacha kwa miezi mitatu tu, nikapoteza mtoto, na mtoto yuko hai." Wengi walinyamaza hapo.

Fundi Cheche hakunyamaza. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mwenye banda la mabati kando ya barabara, anatengeneza milango na madirisha ya grili. Aliitwa Cheche kwa kazi yake na kwa mdomo wake, maana maneno yalimtoka kama zile cheche za moto zilizokuwa zikiruka kwenye chuma. Alikuwa ametumia dawa wiki tano, kisha akakata mguu zahanati. Wiki mbili baadaye jina lake likaingia kwenye orodha, na Bi Vikopo akaingia kwenye banda.

"Umekosea nyumba," Cheche alimwambia bila kuvua kinyago chake cheusi. "Mimi sina TB. Mimi nina moshi."

"Moshi gani huo unaokula kilo tisa?"

"Moshi wa vyuma vya siku hizi. Vyuma vyenyewe feki."

"Vua hilo dude nikuone macho, mdogo wangu. Siwezi kuongea na bati."

Akalivua. Uso ulikuwa umechongoka, macho yameingia ndani, lakini bado yalikuwa yanacheka. Alivuta kigoda akampisha akae, akamweleza shida yake. Dawa zilimtibua tumbo, hasa akizinywa bila kula. Na kulikuwa na ule mkojo. "Siku ya kwanza umetoka mwekundu nilijua nakufa. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie."

"Niliitwa kweli," mkewe alisema kutoka nyuma ya banda, alikokuwa akipiga rangi dirisha. "Nikakataa kwenda."

Bi Vikopo alicheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Hiyo ni rangi ya dawa tu. Mimi wakati wangu nilikuwa nautazama kama risiti. Nikiuona mwekundu najua leo nimemeza."

Cheche alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe na wewe?"

"Na mimi. Na mimi nilitoroka kama wewe."

Wakaongea mpaka jua likawa utosini. Mwisho Cheche alikubali, lakini kwa sharti. "Nitameza. Ila uje unione mwenyewe. Mke wangu akinisimamia tutagombana, na mimi nikigombana nachoma vidole."

Akaja. Kila asubuhi kabla ya kuanza mzunguko wake, alipitia bandani. Cheche alikuwa na kiporo chake amekila, kikombe cha maji mkononi. Alimeza kidonge baada ya kidonge, kisha akatoa ulimi nje kama mtoto wa shule anayekaguliwa. Ikawa mchezo wao. Miezi miwili ikapita, kilo zikarudi tano, kisha sita. Vipimo vikaonyesha makohozi yamesafika. Cheche akaanza kuwapigia debe wengine. Mteja akikohoa bandani, alimuuliza papo hapo, "Umepima?" Alimpelekea Bi Vikopo wagonjwa wanne kwa mwezi mmoja, akadai naye apewe mkoba.

Siku hizo Bi Vikopo alimwambia neno alilokuwa akiwaambia wote, neno alilofundishwa na Sista, naye aliliamini kama anavyoamini kesho kutakucha. "Wewe usiiache dawa, nayo haitakuacha."

Kisha gari la dawa halikuja.

Mara ya kwanza ilikuwa wiki moja, na watu hawakushtuka sana. Dawa zikaja, zikagawiwa, maisha yakaendelea. Mara ya pili hali ilikuwa nyingine. Sista alipiga simu bohari, akaambiwa mzigo bado haujafika kutoka nje. Alipiga kwa mratibu wa kifua kikuu, yule aliyesimamia zahanati zote za eneo lile, akaambiwa karatasi zimekwama. Aliuliza zimekwama wapi. Kila aliyeulizwa alitaja ofisi ya mwenzake.

Kabatini vilibaki vidonge vya aina moja tu, kati ya zile aina zilizotakiwa kumezwa pamoja. Sista akaanza kugawa hivyo. Bi Vikopo alimfuata ofisini, akafunga mlango.

"Sista, kwenye semina si walituambia dawa ya aina moja peke yake ni sumu? Kwamba wale wadudu wanaizoea?"

Sista alikuwa amevua viatu, miguu ameiweka juu ya boksi tupu. Hakumwangalia. "Nilikuwepo kwenye hiyo semina."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wametoka mbali, wameamka alfajiri, niwarudishe mikono mitupu? Wakirudi mikono mitupu mara mbili, mara ya tatu hawaji. Wewe unawajua kuliko mimi."

Siku kumi na tisa mambo yalikwenda hivyo. Cheche alikuja kila siku aliyotakiwa kuja, akameza hicho kilichokuwepo, na mara nyingine hata siku ambayo hakutakiwa, ili mradi tu aulizie. Alikaa kwenye benchi la nje na fulana yake yenye matundu ya moto, kadi imetulia mapajani. Bi Vikopo akipita alimnyooshea ile kadi.

"Bi Vikopo, leo mimi niko hapa. Sasa nani mtoro?"

Alisema kwa mzaha. Lakini yeye alijifanya ana haraka, akapita zake.

Dawa zilirudi, zikaisha tena kwa siku nane, zikarudi. Mwezi wa tano Cheche alipimwa tena kama utaratibu ulivyotaka. Wakati huo alikuwa ameanza kukohoa, ila alikuwa anakohoa kwa kujificha, akigeukia ukutani. Majibu yakasema wadudu wapo. Kikopo kikapelekwa maabara kubwa, mji mwingine. Majibu yalichukua wiki saba, na wiki zote hizo Cheche aliendelea kumeza dawa zilizokuwa zimeshashindwa kazi. Karatasi iliporudi ilikuwa na neno moja la maana: sugu. Dawa mbili zilizokuwa nguzo ya matibabu hazikumfaa tena.

Mratibu alifika siku ya pili yake. Alikuwa kijana aliyevaa vizuri, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Hakuwa mtu mbaya. Bi Vikopo baadaye alitamani angekuwa mbaya, ingemrahisishia kumchukia. Alitandaza fomu mezani kwa Sista. Ilikuwa na mahali pa kuandika sababu ya usugu. Mstari wa kwanza ulisema, mgonjwa alikatiza dawa kwa hiari yake. Wa pili ulisema, sababu nyingine, eleza. Chini kulikuwa na nafasi ya saini ya mfuatiliaji, yaani Bi Vikopo.

"Huyu aliwahi kutoroka," mratibu alisema. "Nimeona kwenye rejista."

"Wiki mbili, mwanzoni kabisa," Bi Vikopo alijibu. "Akarudi. Baada ya hapo hakukosa hata siku moja. Dawa ndizo zilizokosa."

Mratibu alikuna kidevu. "Najua. Mimi najua, Sista anajua, na wewe unajua. Ila wiki ijayo wanakuja wageni kutoka makao makuu, na watu wa nje wanaosaidia mpango. Wanataka kuona zahanati iliyofanya vizuri, na hii ndiyo niliyowatajia. Tukiandika dawa zilikwisha, swali la kwanza litakuwa, kwa nini hamkuagiza mapema. Swali la pili litakuwa, nani aliwapa wagonjwa dawa ya aina moja. Hapo mimi nitamtetea vipi?"

Hakutaja jina, lakini wote watatu waligeuza macho kwenye miguu ya Sista.

Sista alibakiza miaka miwili astaafu. Muda wote alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa. Bi Vikopo alimsubiri aseme neno. Angesema "tia saini", labda angekasirika akakataa. Angesema "usitie", angekataa kwa roho nyeupe. Sista hakusema lolote. Alimtazama tu, na macho yale yalikuwa yale yale yaliyomtazama kwenye chumba cha nyuma, alipokuwa hawezi hata kushika kikombe.

"Halafu si uongo mtupu," mratibu aliongeza taratibu. "Alitoroka kweli. Sisi hatusemi lini."

Bi Vikopo akachukua kalamu. Alijiambia ni karatasi tu. Cheche atapelekwa kwenye matibabu ya sugu kwa vyovyote, na karatasi haitabadilisha sindano wala kidonge. Akaweka saini yake, ile saini ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi zote zinaonekana. Ilikuwa rahisi kuisoma.

Wageni walikuja, wakapigwa picha mbele ya zahanati iliyopakwa chokaa. Mmoja wao alisema ugonjwa huu unaua zaidi ya watu milioni moja duniani kila mwaka ilhali una tiba, na kwamba vita hivi tutashinda au tutashindwa katika zahanati ndogo kama hii. Watu wakapiga makofi. Bi Vikopo naye alipiga, viganja vikigusana bila kutoa sauti.

Cheche alilazwa katika wodi ya wagonjwa sugu, safari ya nusu siku kutoka mtaani. Sindano ilikuwa moja kila siku kwa miezi minane, pamoja na lundo la vidonge, na baadaye vidonge peke yake mwaka mzima. Mkewe alifunga banda, akawa anauza vyuma vilivyobaki kwa kilo. Bi Vikopo alimtembelea mara chache, kila mara akiwa na sababu ya kuondoka upesi. Habari alizipata mdomoni mwa huyo mke, na ndivyo alivyosikia kuhusu masikio.

"Mwezi wa tatu yalianza kumlia," mke wa Cheche alimwambia. Walikuwa wamesimama uani, anachambua nguo za kumpelekea mgonjwa. "Kama ile mashine yake ya kusagia vyuma, anasema, ila haizimwi. Akamwambia daktari. Daktari akafungua faili, akamwambia, wewe ni mtoro, sisi tunawajua watoro, mkichoka sindano mnaanza kusingizia. Wakaendelea kumchoma. Alisema tena, wakamwambia akirudia wataandika anakataa matibabu. Basi akanyamaza. Unamjua Cheche, dada. Umewahi kumwona Cheche akinyamaza?"

Bi Vikopo alisema hajawahi.

"Wiki sita. Halafu siku moja nimekwenda, naongea naye, naona ananiangalia mdomo. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake, hakugeuka." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Ndipo wakampima. Wakabadilisha ile sindano. Daktari mwenyewe kasema, tungebadilisha mapema pengine yangebaki. Mimi kitu kimoja tu sielewi. Hilo la utoro walilitoa wapi? Mume wangu alikuwa anashinda kwenye benchi lenu."

Bi Vikopo alitaka kusema pale pale. Badala yake alishika ncha ya shuka, wakalikunja pamoja bega kwa bega kama shoga wawili, kisha akaaga.

Alikaa na jambo hilo mwaka mzima na zaidi. Sista akastaafu, akaagwa kwa keki na zawadi ya redio, na siku ile alimkumbatia Bi Vikopo muda mrefu. Naye Cheche akapona. Kifua kilisafika, akaandikwa amepona, akarudi, akafungua banda. Wateja wakarudi kidogo kidogo. Walieleza kazi kwa vidole, au mkewe aliwaandikia vipimo.

Siku aliyojikaza kwenda, ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapamba moto. Cheche alikuwa amepiga magoti mbele ya bati kubwa la mlango, anachora vipimo kwa chaki. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye kigogo wakisubiri. Alipomwona alifurahi, akatoa ulimi nje kama zamani, akataka kucheka. Alikonda, lakini alikuwa yeye.

Bi Vikopo alianza kusema, akakumbuka. Alitazama huku na huku, mke hakuwepo. Basi akamwomba ile chaki kwa ishara, akachuchumaa, akaandika juu ya bati. Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa: NENO MTORO NILITIA SAINI MIMI. DAWA ZILIKWISHA. NILIJUA HUKUTOROKA.

Kwenye mawazo yake, siku zote hizo, jambo hili lilikuwa la siri kati yao wawili. Hakufikiria kwamba mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Cheche alisoma kwa sauti, neno moja baada ya jingine, kama anayesoma tangazo sokoni. "Neno mtoro. Nilitia saini. Mimi." Wateja wakageuka. Dirisha la jirani likafunguliwa. "Dawa zilikwisha. Nilijua. Hukutoroka."

Alipeleka mkono sikioni, akalishika kama analipima.

"Kwa nini?" aliuliza, na swali lake likavuka barabara.

Bi Vikopo akashika tena chaki, akaandika SISTA. Akaona neno hilo halitoshi, akalifuta kwa kiganja. Akaandika NILIOGOPA. Hilo nalo halikutosha, ila hakuwa na jingine.

"Waliniambia nasingizia," Cheche alisema. "Nilipowaambia masikio yanalia, waliniambia nasingizia. Walikuwa wanasoma karatasi yako."

Bi Vikopo alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la chuma, na hakuona namna ya kuinuka. Mke wa Cheche alikuwa ametokea, amesimama kwenye ukingo wa banda na mfuko wa mboga. Alikuwa amesikia, nani hakusikia. Alipita katikati yao, akachukua kitambaa, akafuta yale maandishi yote mpaka bati likang'aa.

"Nenda, dada," alisema bila kupandisha sauti. "Mlango huu una mwenyewe, anautaka leo."

Cheche alikuwa ameshavaa kinyago.

Wiki ile ile Bi Vikopo alikwenda kwa muuguzi mpya kuomba fomu irekebishwe. Muuguzi alimsikiliza vizuri, akamweleza kwamba rejista ya mwaka ule ilishafungwa na takwimu zilishapelekwa juu. Isitoshe mgonjwa alipona, amehesabiwa katika waliopona, sasa kuna nini cha kurekebisha? Aliandika barua kwa mratibu. Mratibu alikuwa amepandishwa cheo, amehamia makao makuu. Barua haikujibiwa. Alimwendea Sista nyumbani. Sista alimkaribisha chai, wakaongea habari za miguu, na alipotaja jina la Cheche, Sista aliongeza sauti ya redio.

Mtaani habari ilienea siku hiyo hiyo, bila kuongezwa chumvi, maana haikuhitaji. Milango ambayo zamani ilifunguliwa shingo upande sasa haikufunguliwa kabisa. Mzee mmoja alimrudishia vidonge vyake dirishani, akamwambia hataki kuandikwa. Binti yake alikuja, akaketi ukingoni mwa kiti kama kawaida, akauliza, "Mama Mdogo, ni kweli wanayosema?" Akamjibu ni kweli. Binti akasema ana mtihani, akaaga.

Hakuacha kazi. Wengine walisema hana haya, na huenda walisema sawa. Lakini Jumatatu orodha ilikuwa na majina saba, na kati ya saba hakuna hata mmoja aliyekuwa anamhitaji Cheche asamehe kwanza ndipo akohoe.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mwanamke mwenye watoto watatu, aliyekosa dawa wiki mbili. Bi Vikopo alibisha hodi. Sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Ndiye wewe mwenye saini?"

"Ndiye mimi."

"Na nikija, dawa zipo?"

"Leo zipo. Nimefungua kabati nikaziona mwenyewe."

"Mwezi ujao?"

Zamani angekuwa na jibu, tena la haraka. "Sijui," alisema. "Zikikosa nitakuja kukwambia zimekosa, na nitaandika hivyo."

Mlango ulibaki umefungwa. Ndani mtoto mmoja alikohoa, kikohozi kikavu cha mara tatu, akatulia. Bi Vikopo aliegemea ukuta, akateremsha mkoba begani, akasubiri. Jua lilikuwa kali, na majirani walikuwa wanamtazama.